Mshono Unaojaribiwa kwa Msumeno

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikichomelea mageti, madirisha na mabenchi ya shule katika karakana yangu ya Unga Limited, Arusha, na kwa muda wote huo hakuna mteja aliyewahi kurudi na msumeno akaukata mshono wangu ili aone kilichomo ndani. Mteja wa geti hutazama kama geti linafungika, hupitisha kiganja juu ya rangi, kisha hulipa. Mtu wa kwanza kukata kazi yangu mbele ya macho yangu alikuwa mzee mmoja wa Moshi, fundi mstaafu wa ndege, aliyekuja kwangu na vipande viwili vya bomba jembamba alivyovifunga ndani ya gazeti, akaniomba niviunganishe kwa umbo la herufi T. Niliviunganisha kwa mashine ya umeme, kwa rodi nyembamba kuliko zote nilizokuwa nazo, nikavipiga brashi, nikampa. Akaomba jiliwa na msumeno wa chuma. Alipomaliza kukata alinionyesha kwa ncha ya kalamu: upande mmoja chuma cha rodi kilikuwa kimelala juu ya bomba kama uji uliomwagika mezani ukakauka, hakijashikana na chochote, upande wa pili bomba lilikuwa limetoboka, nami nilikuwa nimeziba tundu kwa kurundika chuma juu yake. "Kwa geti inatosha, fundi," alisema bila kejeli. "Kwa kazi yangu haitoshi."

Mzee alikuwa anaunda ndege ya watu wawili nyuma ya nyumba yake, kwa michoro aliyoinunua kutoka Marekani, nchi ambako watu wamekuwa wakiunda ndege zao wenyewe nyumbani kwa miongo mingi na ambako chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953. Vibali na ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga vilikuwa shughuli yake, nami sikumwuliza mengi kuhusu hayo. Kilichonihusu ni kiunzi cha mwili wa ndege: mabomba manne marefu yanayotoka puani hadi mkiani, yaliyoshikanishwa kwa mabomba mafupi ya wima, ya kukingama na ya mshazari, ambayo mwishoni hufunikwa kwa kitambaa. Ndivyo ulivyo mwili wa Piper Super Cub, ndege ndogo ya Marekani. Mabomba mengi ya kiunzi cha namna hiyo yana unene wa inchi 0.035, yaani milimita 0.9 hivi, ambao sisi tuliozoea bati tungeuita geji 20. Chuma chenyewe ni kile kinachojulikana kwa namba 4130, chenye kaboni ya takriban asilimia 0.3 pamoja na kiasi kidogo cha kromi na molibdeni. Nguvu ya mchanganyiko huo ndiyo inayoruhusu bomba kuwa jembamba hivyo, na wembamba huo ndio ulioniaibisha.

Macho ya Mzee hayaoni tena vizuri kitu kilicho karibu, na mkono wake wa kulia hutetemeka kidogo, kwa hiyo alihitaji mikono ya mtu mwingine. Sharti lake lilikuwa moja: nisiguse bomba lake hata moja mpaka nitengeneze viungo kumi mfululizo ambavyo msumeno hautaona kasoro ndani yake, na vyote viwe vya gesi. Nakiri kwamba niliudhika. Nina vijana wawili ninaowafundisha kazi, na mmoja wao alikuwa amesimama pale akisikiliza. Hata hivyo nilikubali, kwa sababu kile kipande kilichokatwa kilikuwa bado kimebanwa kwenye jiliwa, na kila nilipokitazama sikuwa na la kujitetea.

Niliuliza kwa nini gesi, wakati siku hizi kuna mashine za TIG, za umeme unaokingwa kwa gesi, zinazochomelea bomba jembamba kwa usafi mkubwa. Mzee hakuikataa TIG. Alisema ni nzuri na viwanda vinaitumia. Lakini mwali wa gesi hupasha moto eneo pana kuzunguka mshono, chuma kikapoa polepole, na kazi yenyewe huenda taratibu kiasi kwamba jicho la mwanafunzi huwahi kuona kosa kabla halijawa tundu. Kisha akaniambia habari za Reinhold Platz, aliyeingia katika kiwanda cha Fokker huko Ujerumani mwaka 1912 kama fundi wa kuchomelea kwa gesi, na baadaye akawa msimamizi wa ubunifu wa ndege za kiwanda hicho, zikiwemo zile za Vita ya Kwanza ya Dunia ambazo viunzi vyake vilikuwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Nadhani alijua kwamba habari hiyo ingenishika. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kufikiri kwamba fundi wa kuchomelea anaweza kuhesabiwa miongoni mwa watu walioianzisha ndege.

Sikuwa mgeni kabisa wa gesi. Nilipokuwa kijana wa kujifunza kazi katika gereji moja ya kunyoosha bodi za magari, tulichomelea kwa gesi ya kabaidi: unatia mawe ya kabaidi kwenye pipa lenye maji, gesi inachemka, inapita kwenye mpira hadi kwenye tochi, na gereji nzima inanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Kilo moja ya kabaidi hutoa takriban lita 300 za asetilini, lakini pamoja nayo huja unyevunyevu na uchafu, na msukumo hupanda na kushuka kadiri mawe yanavyokwisha. Kwa rodi tulitumia waya wowote uliopatikana, hata waya wenye madini ya zinki, ambao moshi wake mweupe ulitulaza na homa usiku. Siku moja mfuniko wa pipa uliruka ukatoboa bati la paa. Tulicheka kwa sababu hakuna aliyeumia, na kesho yake pipa likarudishwa kazini. Mzee hakucheka nilipomsimulia. Alisema kwanza tutaondoa mazoea yote ya pipa hilo, kisha ndipo tutaanza.

Mazoea ya kwanza yaliyoondolewa yalihusu mtungi. Asetilini haivumilii kushindiliwa peke yake; ndani ya mtungi imeyeyushwa katika asetoni, nayo asetoni imenywewa na kitu chenye vinyweleo kama sifongo kilichojaza mtungi wote. Kwenye mpira msukumo wake haupaswi kuzidi psi 15, yaani pauni 15 kwa inchi ya mraba, na kwa pua ndogo za tochi tulizotumia tuliuweka kati ya psi 3 na 5, oksijeni vivyo hivyo. Mtungi wangu wa kwanza uliletwa na kirikuu, na dereva aliulaza katikati ya magunia ya saruji ili usiyumbe. Niliuteremsha, nikaufungia regileta, kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, nikawasha papo hapo. Mwali ulikuwa unatema cheche na kubadilika rangi, nami nilihangaika na vali kwa nusu saa nzima nikidhani pua imeziba, kumbe asetoni ilikuwa inapanda pamoja na gesi. Mtungi uliolazwa lazima usimamishwe na kuachwa wima kwa saa nyingi kabla ya kufunguliwa. Mimi sasa huuacha ulale karakanani usiku kucha, ingawa neno "ulale" humkera Mzee. Juu ya hayo kuna kanuni ya kutovuta zaidi ya sehemu moja ya saba ya gesi iliyomo kwa saa moja, na kuna katazo la kupaka mafuta au grisi kwenye nyuzi za kifaa chochote cha oksijeni, katazo ambalo kijana wangu mmoja alikaribia kulivunja kwa nia njema kabisa, kopo la grisi likiwa tayari mkononi.

Kuhusu mwali wenyewe nitasema machache, kwa maana hujifunzwa kwa siku mbili. Asetilini ikizidi, koni nyeupe iliyo kwenye pua huota unyoya mrefu mbele yake, na mwali huo hukitia chuma kaboni isiyotakiwa. Oksijeni ikizidi, koni hufupika na kuchongoka, mwali huvuma kwa sauti ya ukali, na kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka hutoa cheche na povu. Kinachotakiwa ni katikati: unyoya unarudi nyuma mpaka unamezwa na koni, na unaacha kugusa vali hapo hapo. Kisha, kwa kuwa pua hupata moto na mwali hubadilika wenyewe, unauangalia tena kila baada ya viungo vichache.

Kazi yenyewe iko kwenye kidimbwi. Katika kuchomelea kwa umeme nilizoea kwamba rodi ndiyo inayoyeyuka na kujaza, nami kazi yangu ni kuivuta kwa mwendo mmoja. Kwa gesi, moto uko mkono wa kulia na rodi iko mkono wa kushoto, na mikono hiyo haifanyi kazi ya namna moja. Unasogeza koni mpaka milimita mbili au tatu juu ya chuma, unasubiri. Chuma kinakuwa chekundu, kisha cha rangi ya machungwa, kisha uso wake unalegea na kung'aa kama jicho lenye machozi. Hapo ndipo kidimbwi kimezaliwa. Ukichovya rodi kabla ya hapo, rodi itayeyuka na kulala juu ya chuma kisichoyeyuka, na utapata mshono mzuri wa macho ambao haujashika kitu. Ukichelewa sekunde moja au mbili kwenye bomba la milimita 0.9, kidimbwi kinazama katikati, kinafanya kishimo, na kishimo kinakuwa tundu. Kwa wiki tatu nilitoboa matundu. Nilijaribu kukimbiza mkono, kama nilivyozoea, nikapata uji wa siku ya kwanza. Nilipopunguza mwendo, nikatoboa tena.

Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naye amevaa miwani ya kuchomelea, akaniambia kitu ambacho sikuwa nimekisikia katika miaka kumi na moja: nisitazame mwali, nitazame ukingo wa mbele wa kidimbwi tu. Ukingo huo ukisogea, mkono usogee. Ukisita, mkono usite. Kidimbwi kikianza kuzama, nisiondoe tochi ghafla. Niinyanyue kidogo na kuilaza, huku nikichovya rodi, kwa sababu rodi baridi hupoza kidimbwi. Rodi kumbe si ya kujazia tu, bali pia ni breki. Nilipoelewa hilo, matundu yalipungua wiki ile ile.

Katika kiungo cha T kuna mtego mwingine. Bomba linalopita lina chuma kila upande wa kupeleka joto, lakini bomba linalokuja kuligusa linaishia pale, na ukingo wake mwembamba hauna pa kupeleka joto, hivyo huyeyuka mapema. Kwa hiyo mwali huelekezwa zaidi kwenye bomba linalopita, na ukingo hupata kile kinachobaki. Mtu asiyejua hili hulaumu pua, gesi na chuma. Mimi nililaumu vyote vitatu.

Bomba la 4130 halipatikani katika maduka yetu. La Mzee liliagizwa kutoka nje kwa bei inayouma, kwa hiyo mazoezi nilifanya kwa mabomba ya viti vya shule vilivyovunjika, yenye unene wa milimita moja hivi, baada ya kuondoa rangi yote kwa msasa mpaka chuma king'ae. Yalipokwisha nilinunua fremu za baiskeli kuukuu kwa mtu wa vyuma chakavu, nikajiona mjanja. Fremu za zamani huunganishwa kwa viungio vilivyotiwa shaba njano ndani, nami nilikata mabomba karibu sana na viungio hivyo. Mshono wa kwanza ulitoka vizuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Ulipopoa ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele kando yake. Niliurudia, ufa ukarudi. Mzee aliligeuza bomba kwenye mwanga, akaonyesha utando wa njano ndani yake, akaeleza kwamba shaba njano iliyoyeyuka hupenya katikati ya chembechembe za chuma chenye moto na kukipasua, na ndiyo sababu katika matengenezo ya ndege ni marufuku kuchomelea mahali palipowahi kuungwa kwa shaba njano. Baada ya hapo nilikata mabomba ya baiskeli katikati tu, mbali na viungio, na kila kipande nilichungulia ndani kwanza.

Kuandaa kiungo huchukua muda mrefu kuliko kukichomelea, na hili liliwashangaza vijana wangu kuliko jambo lolote. Ncha ya bomba huchongwa kwa tupa ya duara mpaka ikumbatie bomba jingine bila mwanga kupenya. Pengo linalozidi milimita moja hudai rodi nyingi, rodi nyingi hudai joto jingi, na joto jingi hutoboa. Kisha unashikiza, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kabla ya kushona, kwa alama nne ndogo za kuchomelea, ndipo uanze. Rodi yetu ilikuwa ya chuma chenye kaboni kidogo, unene wa milimita 1.6, iliyopakwa utando mwembamba wa shaba ili isiote kutu.

Kila jioni nilikata. Nusu ya viungo nilivipasua kwa urefu na kutazama kama chuma kimeyeyuka mpaka ukuta wa ndani. Ndani hutakiwa kuonekana kwamba joto lilifika na mshono ukajitokeza kidogo, bila kuning'inia matone. Nusu ya pili nilivibana kwenye jiliwa na kupiga bomba la kati kwa nyundo mpaka likunjike. Kiungo kizuri hupasuka pembeni, kwenye bomba, huku mshono ukibaki mzima. Hesabu yangu ilifika sita ikarudi sifuri, ikafika nane ikarudi sifuri. Ile ya nane iliniuma sana, kwa sababu kwa macho kilikuwa kiungo safi; kosa lilikuwa mfereji mdogo ambao mwali ulichimba kando ya mshono bila rodi kuujaza, na bomba lilikatika kwenye mfereji huo kama karatasi iliyokunjwa. Nilijitetea kwamba ningeweza kuusawazisha kwa tupa. Mzee alisema mshono wa ndege hausuguliwi kwa tupa ili upendeze, kwa sababu tupa hupunguza chuma pale pale kinapohitajika, na anayekagua hataweza tena kuona fundi alifanya nini.

Mwezi Julai ulileta somo lake. Asubuhi za Arusha mwezi huo ni za makoti, na mlango wa karakana yangu unatazama upepo. Mzee alikuwa amenipa mabaki machache ya 4130 halisi ili nizoee, na vipande viwili vya kwanza vilivunjika kwa nyundo kama biskuti, bila kukunjika kwanza, ingawa kwa msumeno vilionekana vimeshika vizuri. Bomba la kiti cha shule halijali sana linavyopoa, lakini 4130 ina kaboni na kromi ya kutosha kiasi kwamba ikipozwa haraka hugeuka ngumu na yenye kukatika. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kukitia kiungo ndani ya ndoo ya maji ili akishike mapema. Upepo wa Julai ulikuwa unafanya jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Tangu hapo tunafunga mlango, tunapasha bomba joto pande zote kabla ya kuanza, na mwishoni tunaondoa mwali kidogo kidogo mpaka wekundu uishe wenyewe. Moshi ni ya chini na yenye joto zaidi, lakini hata kule Mzee ametundika maturubai kuzunguka kibanda chake.

Niliunda pia kiunzi cha majaribio cha urefu wa mita moja, kwa mabomba ya viti, nikachomelea kiungo kimoja hadi mwisho kabla ya kwenda kingine, kwa mpangilio, kama ninavyofanya geti. Kilipopoa kilikuwa kimejipinda milimita sita, maana kila mshono unapopoa hujikunja na kuvuta bomba upande wake. Cha pili nilikishikiza chote kwanza, kikiwa kimefungwa kwenye jigi la mbao, yaani fremu ya kushikilia mabomba yasisogee, kisha nikawa naruka kutoka upande huu hadi ule. Kilipinda milimita moja na nusu. Katika hicho hicho nilijua pia kwa nini kidimbwi cha mwisho hulipuka usoni pako bomba likiwa limezibwa pande zote: hewa iliyofungiwa hupanuka na kutafuta njia. Kitobo kidogo cha drili hutatua hilo, na baadaye, kazi ikishakwisha, kitobo hicho hicho hutumika kuingiza mafuta ya mbegu za kitani ndani ya bomba ili kuzuia kutu, kisha huzibwa.

Mwezi wa nane nilifika kumi. Mzee alivikata vyote mwenyewe, polepole, akisimama kupumzisha mkono, na hakuniruhusu nimsaidie. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Moshi nikiwa na tochi yangu ndani ya mfuko, nikafika, nikamwamkia, akanipa vipande sita vya 4130 mpya nitengeneze viungo vitatu. Viwili alivikata. Cha tatu alikigeuza mkononi kwa muda mrefu, akakitazama kwa lenzi pande zote, akakirudisha mezani bila kusema neno, kisha akaniongoza hadi kwenye jigi ambako mabomba manne marefu yalikuwa yameshafungwa, akanionyesha alama ya chaki karibu na mkia.

Upande wa kulia wa mkia umekwisha. Jumamosi hii tunaanza wa kushoto, na kwa kuwa tupa yangu ya duara imekwisha meno, itanibidi nipitie dukani kabla ya basi la saa moja asubuhi, nikimkuta mwenye duka ameamka.